Daktari wa ubongo alinitibu kupitia simu, ila kila video tuliyomtumia alikuta kanga tu

Wakuu, habari za mchana. Wakubwa zangu shikamooni, wadogo marahaba kabla hamjaniamkia.

Mimi siyo mtu wa kuanzisha nyuzi. Humu huwa napita jukwaa la mapishi na lile la mahusiano, nacheka, naondoka zangu. Lakini juzi kuna mtu kaandika kwamba madaktari wa kwenye skrini ni usanii mtupu, eti yeye yuko Dar wewe uko Ruangwa, atakuona nini?

Nilikasirika. Halafu nikakumbuka hata mimi niliuliza hivyo hivyo.

Basi nawasimulia yaliyonikuta. Chumvi sitaongeza, kwanza mume wangu naye ni member humu, nikidanganya ataniumbua hapa hapa mbele yenu.

Ni ndefu. Mwenye chungu jikoni akaepue kwanza.

Mimi ni fundi cherehani. Kwetu ni Kiegei, Nachingwea, nimeolewa Narung'ombe, upande wa Ruangwa. Mume wangu anaitwa Issa, analima korosho na ufuta. Tunakaa uwanja mmoja na mama yake. Mtoto wetu ni mmoja, anaitwa Zuhura, na wakati haya yanatokea alikuwa bado mchanga, wa kunyonya na kulala tu.

Na mimi nina kifafa. Nimelisema bila kuzunguka, zamani ningetafuta jina lingine.

Ila changu siyo kile mnachokijua, cha kuanguka na povu. Kuanguka nimewahi kuanguka, lakini ni mara chache. Changu zaidi ni kupotea.

Inakuwa hivi. Niko zangu kwenye cherehani, au nachambua mchele. Ghafla mchana unakuwa laini. Sijui niseme vipi mnielewe. Jua linalopita kwenye majani ya mkorosho linatulia pale mchangani, halisogei, na mimi najua, yaani najua kabisa, kwamba nilishawahi kukaa hapa hapa, saa hii hii, na mtu huyu akasema neno hili hili.

Nasikia harufu ya korosho zinachomwa. Hiyo zamani hata sikuihesabu, huku kwetu nani asiyesikia harufu ya korosho?

Sauti za watu zinakwenda mbali. Mnakumbuka mkiwa wadogo, umebebwa mgongoni na mama, unasinzia, na maneno anayoongea na wenzake unayasikia kupitia mgongo wake? Ndivyo inavyokuwa. Siogopi hata kidogo. Niwaambie ukweli, ni pazuri kule.

Halafu basi. Hakuna kitu.

Nikirudi nimechoka, mdomo mkavu, na nimefunikwa kanga kuanzia utosini mpaka kwenye vidole vya miguu.

Kufunikwa ni kawaida yetu. Mtu akichukuliwa na ugonjwa ule, wanawake wanamfunika na wanageuza macho pembeni. Kumkodolea macho mtu ambaye mwenyewe hayupo ni kukosa adabu. Wapo pia wanaoogopa utawahamia. Nimekua naona hivyo, na sikuwahi kuwaza kama kuna mahali wanafanya tofauti.

Majina nilishapewa yote. Wapo waliosema pepo, wapo waliosema nimetupiwa. Zahanati walinipa dawa, ikanifanya nilale kama gogo, na kupotea nikaendelea kupotea.

Sasa nije kwenye siku iliyoharibu kila kitu.

Ulikuwa msimu wa korosho. Nimekaa kwenye kigoda karibu na mafiga, ming'oko, vile viazi vyetu vya porini, inachemka, Zuhura nimempakata. Harufu ya korosho imejaa kijiji kizima, kila uwanja wanachoma. Sikuwaza chochote. Mchana ukawa laini.

Nilipofunua kanga usoni nikasikia mtoto analia, na kilio kinatoka mikononi kwa mama mkwe. Alikuwa amebiringika kutoka mapajani kwangu mpaka kwenye mchanga, pembeni ya moto. Hakuungua, alhamdulillah. Majivu tu kwenye nywele.

Mama mkwe hakupiga kelele. Angepiga kelele ingekuwa nafuu. Alimpangusa mtoto, akasema, "Mama Zuhura, kuanzia leo mtoto atakaa na mimi. Kunyonya nitakuletea."

Na kweli akawa ananiletea.

Anakuja, anakaa mbele yangu, ananiwekea mtoto kifuani, na mikono yake anaiacha chini ya mtoto muda wote. Zuhura akishiba, anachukuliwa. Akawa analala mgongoni kwa bibi yake tu. Akilia usiku namsikia chumba cha pili, natakiwa ningoje kuletewa.

Wakuu, niliumia. Nilikuwa namshonea yule mama gauni, nikaliacha na mkono mmoja kwa makusudi. Kila akiuliza nasema uzi wa rangi hiyo umeisha.

Tabu ni kwamba hakuwa mkorofi. Angekuwa mkorofi ningepata pa kumshikia. Kila nikiangalia yale mafiga najua na mimi ningefanya alichofanya yeye.

Basi Issa akasikia kwamba kuna hospitali Nachingwea wameanza utaratibu, unakwenda pale, unakaa mbele ya kompyuta, unaongea na daktari bingwa wa ubongo na mishipa ya fahamu aliyeko Dar. Nikamwambia, "Issa, mimi naumwa kichwa, kompyuta itanishika wapi?" Akanijibu, "Unamtaka mtoto humtaki?"

Tukaenda.

Boda mpaka Ruangwa mjini, pale gari la Nachingwea. Mama mkwe alikuja na sisi, na Zuhura mgongoni kwake bila shaka. Alivaa kanga mpya, pea nzima, na viatu vya harusini. Mimi nilipaka wanja. Tunakwenda kuonana na daktari mkubwa, tutaendaje kama tunatoka kupalilia?

Chumba chenyewe kidogo, meza, kompyuta, na muuguzi anaitwa Sista Flora. Kazi yake ilikuwa kuwa mikono ya daktari. Dokta anasema kule, yeye anafanya huku.

Dokta akatokea kwenye kioo. Kijana! Ndevu zenyewe bado anazibembeleza. Mama mkwe akapiga goti mbele ya kompyuta, "Shikamoo baba."

Dokta akashtuka. "Hapana mama, mimi ndiye nikuamkie. Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Shikamoo."

Sista Flora aligeukia ukutani, mabega yanatikisika.

Kuna jambo moja mliotibiwa kwa njia hii mtanielewa. Mdomo wa dokta ulikuwa unatangulia, sauti inafuata nyuma. Anafumba mdomo ndiyo maneno yanafika. Mwili ukanisisimka, maana hivyo ndivyo zinavyoanza zangu, watu wanakuwa karibu halafu sauti zao zinakuwa mbali. Na pale pembeni ya kioo kuna kapicha kadogo ka mwanamke mwenye wanja ananiangalia, ni mimi mwenyewe. Nikamshika Sista mkono, nikamnong'oneza, "Sauti inachelewa kweli, au ni mimi?"

Akasema, "Ni mtandao dada. Tulia."

Dokta akaanza. "Ukipotea huwa unafanyaje?"

Nikamwambia, "Sijui dokta, nakuwa sipo."

Akamgeukia mama mkwe. "Mama, akipotea macho yanakuwa wazi au amefumba?"

Mama mkwe akamwangalia Issa.

"Mikono je? Inacheza, inakakamaa?"

Mama mkwe akajivuta kanga mpaka kwenye midomo, akasema, "Baba, sisi hatuangalii. Tunamfunika."

Issa akaulizwa, akasema yeye huambiwa atoke nje.

Dokta akaegemea kiti. Nadhani kwenye masomo yake yote hapo hapajaandikwa.

Akamwelekeza Sista anipime. Nikamulikwa tochi machoni, nikanyoosha mikono nimefumba macho, nikaguswa pamba usoni kushoto na kulia. Goti langu likagongwa na nyundo Nachingwea, mguu ukaruka, na mtu wa Dar akaandika. Kilikuwa kichekesho lakini sikucheka, nilikuwa nawaza atasema nini kuhusu mtoto.

Akaniuliza pia, "Nyumbani kuna jambo lolote linakusumbua moyo?"

Mama mkwe amekaa pale, magoti yetu yanagusana! Nikajibu, "Hakuna dokta, tuko salama kabisa."

Madaktari mlioko humu, hilo lichukueni. Mnapotuuliza ya moyoni kwenye skrini, ulizeni kwanza nani mwingine yuko chumbani. Ninyi mnaona kichwa kimoja, sisi tumekuja ukoo.

Mwisho akasema, "Siwezi kubadilisha dawa kwa kubahatisha. Nataka video. Akipotea mrekodini tangu mwanzo mpaka anaporudi, uso na mikono. Na msimfunike."

Tukaitikia ndiyo dokta, ndiyo dokta. Tukaondoka.

Video ya kwanza alirekodi Issa. Inaanza vizuri, unaona cherehani, unaona mgongo wangu. Halafu kinaingia kitambaa chekundu, kanga ya mama mkwe, na hiyo hiyo mpaka mwisho, na kuku analia nyuma.

Ya pili ni kanga ya bluu na visigino vya majirani.

Ya tatu Issa alijitahidi, akachuchumaa apenyeze simu kwa chini. Alichopata ni kiganja cha mama yake kinasukuma kioo.

Zote akamtumia Sista Flora, Sista akazipeleka Dar. Majibu yakarudi. Dokta kasema hivi, kanga za nyumba hii sasa anazijua zote, mgonjwa bado hajamwona.

Nilicheka sana. Halafu nikiwa bado nacheka nikaanza kulia, Issa akabaki kasimama na simu yake.

Maana siku zinakwenda, wakuu. Zuhura alikaa mwenyewe kwa mara ya kwanza kwenye mkeka wa bibi yake, ng'ambo ya uwanja. Mimi nilikuwa kwenye cherehani. Niliona kwa mbali mtoto ameketi, anayumba, anapiga makofi, na watu wanamshangilia. Nikakanyaga pedali nikaendelea kushona.

Miadi ya pili iliangukia kifuku. Barabara imekuwa tope, boda haipiti, gari ndiyo usiseme. Sista akasema msijali, dokta atawapigia video moja kwa moja nyumbani.

Sasa kwetu mtandao unapatikana sehemu moja tu, juu ya kichuguu nyuma ya choo. Ndiyo, mcheke. Issa akapandisha stuli pale, nikakaa kama malkia. Mvua ilikuwa imetoka kukatika. Mikorosho inadondosha maji polepole, ukungu umelala bondeni, na kila kitu kimelowa na kunyamaza. Kutoka pale juu uwanja wote unauona. Mama mkwe alikuwa jikoni na mtoto mgongoni.

Dokta akatokea, safari hii mdogo, kwenye simu. Akaomba simu igeuzwe ili aone tunapoishi. Issa akaizungusha taratibu, nyumba, pipa la maji, njia ya kisimani, mafiga yaliyokaa chini.

Akasema, "Hapo ndipo unapopikia? Unakaa upande gani?"

Nikamwonyesha. Akasema jiko liinuliwe, nisiteke maji kisimani peke yangu, mtoto nisimwogeshe nikiwa peke yangu. Halafu akaniambia maneno ambayo sikutegemea kuyasikia kwa daktari.

"Dada, nikuambie ukweli. Ungekuja Dar ningekuona unavyoingia mlangoni, ningekugonga goti mwenyewe. Huku nakuona kichwa na mabega. Wakati mwingine nikishaizima hii mashine nabaki nimekaa, najiuliza nimeacha kuona nini. Lakini wanaokuja Dar wanakuja wamependeza, wananiambia wako salama, wanaondoka. Sijui hata mmoja anapikia wapi."

Kisha akasema, "Siku ile nilipokuuliza kama kuna jambo nyumbani, ulijibu haraka sana."

Nikaangalia kule jikoni. Ni mbali, mama mkwe hawezi kutusikia.

Nikamwambia, "Dokta, nimenyang'anywa mtoto."

Issa akainamisha kichwa. Mimi nikalia juu ya kichuguu, na kamasi, na wanja wote, sina habari. Dokta kwenye kioo hakusogea. Nikadhani mtandao umeganda. Kumbe alikuwa amenyamaza tu.

Baadaye akaniuliza, "Siku ile ya mafiga, kabla hujapotea, kulikuwa na nini?"

"Hakukuwa na kitu. Watu wanachoma korosho tu."

"Na mara nyingine unapopotea?"

Nikafikiri. "Kuna korosho pia."

Issa akainua kichwa. "Korosho gani? Juzi umepotea mvua inanyesha. Nani anachoma korosho kifuku hiki?"

Tukatazamana.

Nikaanza kurudi nyuma kichwani, mchana mmoja baada ya mwingine. Harusi ya wifi yangu, katikati ya mvua, nilisikia korosho. Kiegei, niko darasani nafanya mtihani, korosho. Nikiwa mdogo kabisa, nimekaa kizingitini kwa bibi, majani mabichi kila mahali, korosho. Miaka yote nimekuwa nanusa moshi wa jiko ambalo halipo, na sijamwambia mtu, kwa sababu nani anamwambia mwenzake kwamba amesikia harufu ya korosho Ruangwa?

Dokta akasema, "Hiyo ni dalili kubwa sana. Lakini lazima nikuone. Niitieni mama."

Mama mkwe akaja, akasimama chini ya kichuguu, Issa akamshushia simu. Safari hii aliamkiwa na akakubali.

Dokta akasema, "Mama, naomba jambo gumu. Akipotea tena usimfunike."

Mama mkwe akasema, polepole, maana Kiswahili chake anakichagua, Kimwera ndicho kinachomtoka chenyewe.

"Baba, siku naenda kumchukua huyu kwao Kiegei, mama yake alinishika mikono. Akaniambia, mwanangu ana ugonjwa, naomba asionekane na watu. Nikamwambia hataonekana. Mimi ni kungwi, nimefunda watoto wa watu. Neno nililompa mzazi mwenzangu sijawahi kulirudisha. Sasa wewe unataka nimwanike kwenye simu, mwanaume nisiyemjua amwangalie?"

Wakuu, mimi sikuwa najua hilo. Miaka yote nilidhani ananifunika kwa sababu ananionea haya. Kumbe mama yangu mzazi ndiye aliyeomba, na yeye anatimiza, kila mara, hata pale nilipomnyima mkono wa gauni.

Dokta hakubishana naye. Alisema, "Mama, una haki. Mimi sina namna ya kumgusa mkweo, naazima macho yako. Tutaiona mimi na Sista Flora basi, tukimaliza inafutwa."

Mama mkwe hakumwangalia yeye, aliniangalia mimi. Sijui nilipata wapi ujasiri, nikamwambia, "Mama, nifunue. Kwa mama yangu nitaenda kukutoa mimi mwenyewe lawama. Bora nionekane nimpate mwanangu."

Mama mkwe akarekebisha mbeleko, akarudi kwenye chungu chake.

Dokta akauliza, "Amekubali?"

Issa akasema, "Dokta, huyu amenizaa mimi na bado sijui."

Haukupita muda mrefu. Ilikuwa mchana umetulia baada ya mvua, Issa yuko shambani, simu yake kaiacha nyumbani, na ninayowasimulia sasa nimeyaona kwenye video, kwa sababu mwenyewe sikuwepo.

Picha ina kidole gumba kwenye kona moja. Hicho ni kidole cha mama mkwe.

Naona mwanamke yuko kwenye cherehani. Anainua kichwa, ananusa. Anatabasamu kidogo. Halafu anachukua mkasi, anauweka chini, mbali na miguu yake. Anashuka kwenye kiti, anakaa mkekani. Mwenyewe! Hakuna aliyemshika.

Ndipo macho yanaondoka. Yako wazi lakini yanatazama mahali ambapo simu haikufika. Mdomo unatafunatafuna. Mkono wa kushoto umekakamaa. Wa kulia umeshika pindo la gauni, unalikunja, unalilaza, unalikunja tena, kwa upole, kama nashona nguo ya mtu ninayempenda.

Nilikuwa nimejiandaa kuona kitu cha kutisha. Maisha yangu yote nimefichwa, nikajua nafichwa kwa sababu ya ubaya. Nikaona mtu ametulia na jua la mchana shingoni. Niliirudia ile video mara nyingi, na kila mara nilitaka kumuuliza yule mwanamke yuko wapi.

Na nyuma kuna sauti ya mama mkwe, kwa Kimwera, inatetemeka. Anasema, niko hapa mwanangu, sijakufunika, tunakuona mimi na daktari tu, niko hapa. Anarudia hivyo hivyo mpaka nilipogeuza shingo na kumuuliza kuna nini.

Dokta alipiga siku iliyofuata. Neno lake la kwanza lilikuwa, "Sasa nimekuona."

Akaeleza kwamba ni kifafa kinachoanzia sehemu moja tu ya ubongo, pale panapotunza harufu na kumbukumbu, ndiyo maana naona kama nilishawahi kuishi ule mchana. Mkono uliokakamaa umemwonyesha ni upande gani. Akakiri pia kwamba kabla ya video alikuwa ameanza kuwaza ni msongo wa mawazo, na angenipeleka njia hiyo. Nilimheshimu kwa kulisema, hakulazimika.

Halafu akasema, "Umeona ulivyoweka mkasi? Ile harufu ikija akili yako bado unayo. Hizo ni dakika zako. Mtu anayeweza kuweka mkasi chini anaweza kumlaza mtoto."

Mama mkwe alikuwa pembeni yangu. Safari hii nilitaka awepo.

Dawa ikabadilishwa, kidogo kidogo, na onyo kali la kutoacha ghafla. Dar nilikwenda mara moja, kwa kipimo cha umeme wa ubongo, yeye mwenyewe alisema hicho skrini haiwezi. By the way, dokta ni mfupi! Kwenye kioo nilimjua mtu mkubwa. Alichukua nyundo akanigonga goti kwa mkono wake, tukacheka wote wawili.

Siku ile nilimwambia jambo ambalo hata Issa hajui, atalisoma hapa. Dawa ilipoanza kufanya kazi, niliikumbuka ile michana yangu. Kuna jua fulani silioni tena. Nilidhani atanishangaa. Akasema wagonjwa wengi humwambia hivyo, ila huwa wananong'ona.

Mtoto hakurudishwa siku moja, msidhani. Kwanza nilipewa nikiwa nimekaa mkekani, mbali na moto, bibi yake akiwa mbele yangu. Baadaye bibi akawa anakaa pembeni. Kupotea kulipungua sana, lakini hakukuisha.

Mpaka siku moja niko na Zuhura mapajani, na ile harufu ikaja. Nilitaka kubaki pale kwenye mchana laini. Nikamlaza mtoto kwenye mkeka, nikaita, "Mama!" Basi.

Niliporudi uso wangu ulikuwa wazi, na upepo unanipiga. Kanga ilikuwa miguuni tu, maana gauni lilikuwa limepanda. Mama mkwe amekaa karibu, na Zuhura kambeba. Akaningoja nimtambue. Akasema, "Umemlaza mwenyewe. Nimeona."

Akanipa mtoto. Akasimama, akatugeuzia mgongo, akaenda kuangalia chungu chake.

Wakuu, alikuwa hajawahi kunipa mgongo nikiwa na mtoto tangu siku ya mafiga. Nililia kuliko siku ya kichuguu.

Nilichojifunza mimi ni kwamba daktari wa mbali anaona kile tu tunachokubali akione. Kama una mgonjwa wa namna hii nyumbani, mfunike miguu umstiri, lakini uso mwangalie. Mwangalie vizuri, kwa upendo, halafu useme ulichokiona. Na mgonjwa mwenzangu, sema hata harufu unayodhani haina maana.

Karibuni. Wenye kifafa, wenye wazazi wenye kifafa, madaktari mnaotuona kwa vioo, semeni na ninyi mnaonaje kutoka upande wenu. Anayetaka kunitukana naye aje, ila aniamkie kwanza.

Na mnisamehe herufi zilizorukwa. Nimeandika uzi wote huu kwa mkono mmoja, wa pili umemshika Zuhura, amelala.